Robo Hekta ya Topesumu

Miti iliyotutangulia kwenye lundo la topesumu, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa ambayo mgodi huyatupa, ilikuwa imekauka yote. Waliopanda walifanya lile linalofanywa mara nyingi kwenye malundo ya migodi: walichimba mashimo ya nusu mita, wakayajaza udongo mzuri ulioletwa kwa lori, wakatia miche ya migunga na kumwagilia. Mwaka wa kwanza ilipendeza. Kabla hatujagusa kitu tuling'oa mmoja kwa sururu tuone kilichouua. Mizizi yote ilibaki ndani ya shimo, imejizungusha ukutani kama ya mmea wa chunguni. Pale ncha zilipogusa topesumu zilikuwa nyeusi, nene, fupi, bila hata kinyweleo kimoja cha kunyonyea maji. Ndani ya shimo pH, kipimo ambacho namba ikishuka tindikali imezidi, ilisoma 5.9, sentimita tano nje yake, 2.8.

Risasi na zinki zilikuwemo kwa wingi, ila aliyezifungulia mlango ni tindikali. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, iliyosagwa kiwandani ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha metali zikaingia kwenye mizizi. Kwa hiyo kazi ya msimu ule, robo hekta ya mteremko wa lundo la risasi na zinki, ilianza na hesabu ya chokaa. Mbegu zilikaa ghalani kwanza.

Hesabu yenyewe ni ya wazi, na wengi huikosea kwa kutumia salfa yote iliyomo. Maabara ilitoa asilimia 1.9 ya salfa, lakini 0.7 kati ya hiyo ilikuwa ya jasi, ambayo haizai tindikali. Ikabaki 1.2 ya pairaiti. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti hudai kilo 31.25 za kalisi kaboneti, yaani chokaa safi, kwa tani moja ya topesumu, hivyo zetu zilikuwa kilo 37.5. Hiyo ni kwa tindikali itakayozaliwa. Iliyokwisha kuzaliwa tuliipima kwa ndoo: topesumu kilo 2 kila ndoo, chokaa ikiongezwa hatua kwa hatua, unyevu ukitunzwa hadi pH itulie. Ikadai kilo 10 nyingine. Tabaka la sentimita 20 kwenye robo hekta, uzito wa tani 1.5 kwa mita ya ujazo, ni tani 750. Ukizidisha, ukaongeza robo ya tahadhari, kisha ukagawa kwa 0.85 kwa sababu chokaa yetu ilikuwa na nguvu ya asilimia 85 tu, unapata tani 52 na ushee.

Aliyesikia tani 52 kwa robo hekta alidhani tumekosea nukta. Lakini Leadville, Colorado, Marekani, kwenye topesumu iliyosambazwa na mto Arkansas, waliweka tani 224 za chokaa kwa hekta na tani 224 za tope la majitaka lililotibiwa. Tulikuwa chini kidogo yao. Kuweka tani tano kwa hekta, kama shambani, ni kununua miezi michache ya kijani.

Fosfeti, yaani mbolea ya fosforasi, ilitangulia chokaa. Risasi hufungwa na fosforasi ikawa piromofaiti, madini yasiyoyeyuka kirahisi, na kufungwa huko huenda haraka risasi ikiwa bado imeyeyuka, yaani tindikali ikiwa bado ipo. Ukianza na chokaa unapunguza kasi mwenyewe. Kilo 1 ya risasi hudai takriban gramu 90 za fosforasi. Topesumu yetu ilikuwa na gramu 4 za risasi kwa kilo, jumla tani 3, hivyo kilo 270 za fosforasi, sawa na kilo 1,350 za mbolea ya TSP (trisuper fosfeti). Tuliichanganya, tukailowesha, tukaiacha wiki kadhaa.

Kona moja ya mashariki hatukuipa hata punje ya fosfeti. Ilikuwa na aseniki, sumu nyingine, na fosfeti huisukuma aseniki kutoka pale ilipojishika kwenye chuma, ikashuka na maji. Kona hiyo ilipata feri salfeti, chumvi ya chuma ya kuishika aseniki, kisha chokaa ya kuizima asidi ya salfeti hiyo, na pH tukaizuia isipite 7, maana aseniki hulegea pia pH ikipanda sana.

Kuchanganya ndiko kulikokula nguvu. Chokaa ilisagwa laini. Punje kubwa huvikwa ganda la kutu ya chuma zikalala bure humo humo. Nusu ilimwagwa na kulimwa kwa jembe la meno, nusu ya pili ikamwagwa na kulimwa kukata mistari ya kwanza. Unyevu ulipimwa kwa ngumi: bonge lishikane bila kutoa maji. Likiwa kavu, vumbi lenye risasi linaingia mapafuni, na barakoa za kitambaa hazitoshi. Likiwa tope, chokaa inafanya madonge meupe. Tulichimba vishimo kukagua, na penye madonge tukarudia.

Mboji iliingia mwisho, tani 25, iliyoiva kabisa. Mboji changa yenye vumbi la mbao humeza naitrojeni yote, nyasi zikageuka njano ukadhani ni sumu.

Kabla ya kupanda tulijaza trei mchanganyiko kutoka sehemu mbalimbali, tukaotesha mtama. Ni kipimo cha bei rahisi, na mimi binafsi hukiamini kuliko karatasi ya maabara. Trei za ukanda wa juu ziliota. Za ukanda wa chini ziliota robo tu, ncha za majani zimeungua: chumvi. Tukaacha mvua za kwanza zioshe ndipo tukapanda. Vetiva, nyasi ya mizizi mirefu, kwa mistari ya kontua, vishina sentimita 15 kimoja hadi kingine, majani yamekatwa kwa sentimita 20. Katikati ya mistari vipande vya ukoka na mbegu za nyasi za Rhodes. Mikunde iliachwa kwa baadaye, kwa kuwa bakteria wa vinundu vyake huvumilia metali kidogo sana.

Ukanda wa chini ulianguka hata hivyo, kiangazi kilipofika. Ganda la njano na nyeupe lilitokea juu, vetiva ikasimama, ukoka ukafa. Tulipokata shimo, chokaa ilikuwepo na ilifanya kazi, ila chini ya sentimita 20 kulikuwa na mstari wa rangi ya machungwa, na mizizi ilifika hapo ikageuka kwenda kando. Maji yenye tindikali yalikuwa yakitiririka ndani ya lundo kutoka juu, kisha jua likiyavuta kupanda. Chokaa zaidi isingesaidia. Ulichimbwa mfereji wa kukinga maji upande wa juu, tabaka likaondolewa, yakawekwa mawe yaliyovunjwa sentimita 30 ya kukata upandaji wa maji, ndipo mchanganyiko ukarudishwa kwa unene wa sentimita 40.

Wageni wengi waliuliza kwa nini hatupandi mimea inayokula metali. Mmoja wao, Noccaea caerulescens, hubeba zinki kufikia asilimia 1 ya uzito mkavu. Ikitoa tani 5 kavu kwa hekta, robo hekta hutoa kilo 12.5 za zinki kwa mwaka. Yetu ilikuwa na tani 4.5. Hiyo ni miaka 360, na shehena ya majani yenye sumu ya kutupa kila mavuno. Nikeli ni habari nyingine: Albania, kwenye udongo wenye nikeli ya asili, mavuno ya zaidi ya kilo 100 za nikeli kwa hekta yamepatikana. Kwenye topesumu ya risasi unaifunga metali palepale, na nyasi zinashika vumbi.

Uzio uliachwa usimame, mifugo isiingie. Majani yalipimwa yaliyooshwa na yasiyooshwa kando kando, kwa sababu tofauti ya risasi kati yake ni vumbi lililotua, wala haikupita kwenye mizizi. Zinki ilikuwa chini ya miligramu 300 kwa kilo, kiwango ambacho kondoo huvumilia, lakini ng'ombe na kondoo hula na udongo pia, kwa hiyo nyasi zilikatwa na kuachwa zilale hapo hapo.