Siku Jua Liliporudi Tromsø

Watu huniuliza sana habari za baridi. Baridi niliizoea upesi. Tromsø iko kaskazini kabisa mwa Norwe, nyuzi 69 hivi kutoka ikweta, lakini mkondo wa maji vuguvugu wa Atlantiki huizuia bandari yake isigande hata Januari. Unavaa nguo nzito, unafunga meno ya chuma kwenye viatu usiteleze, unakwenda zako. Lililonitesa ni giza.

Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kule. Sababu yake nilifundishwa shuleni: mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na majira hayo ncha ya kaskazini huwa imelipa jua kisogo. Kujua sababu hakukunisaidia kitu. Sisi wa karibu na ikweta tunahesabu saa kuanzia macheo. Ikifika saa moja, kumekucha. Sasa saa tatu asubuhi nachungulia dirishani, naona nyota. Adhuhuri mbingu ilipata rangi ya buluu kwa muda, kisha usiku ukarudi. Nikawa nalala mchana na kukesha usiku. Siku nyingine nililia bila kujua ninalilia nini.

Dada mmoja Mtanzania, muuguzi aliyekaa huko miaka mingi, ndiye aliyenishika mkono. "Mdogo wangu, mchana usilale. Ikikaribia saa sita toka nje, hata theluji ikianguka." Akanipeleka kupimwa damu, vitamini D ilikuwa chini. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na jua lenyewe halikuwapo. Tangu hapo kila asubuhi nilimeza kijiko cha mafuta ya maini ya samaki, kama wenyeji wanavyowapa watoto wao. Harufu yake naikumbuka hadi leo.

Ikaja tarehe 21 Januari 2016, siku ya jua. Kwa hesabu, jua huwa limerudi siku chache kabla, ila milima ya kusini hulificha. Mwalimu alikatisha kipindi tukatoka sote. Kilimani tulikuta umati umeelekea kusini, na watoto wa chekechea wenye mataji ya karatasi ya manjano. Kando yangu alisimama mzee wa jengo letu, ambaye miezi yote ile salamu zangu alizijibu kwa kutikisa kichwa tu.

Kabla kidogo ya saa sita, ukingo wa mlima ukawaka. Watoto wakapiga kelele. Mzee akanishika mkono kwa nguvu akinionyesha, kana kwamba ningeweza kutazama kwingine! Nilihisi joto usoni, dogo sana, nikafumba macho ili nilipate vizuri. Halikukaa. Mzee akatoa andazi lenye jamu ndani, linaloliwa siku hiyo, akalimega katikati akanipa nusu.

Tuliteremka pamoja. Akataka kujua kwetu jua huchomoza saa ngapi. Nilipomwambia ni karibu saa ile ile mwaka mzima, alisimama. Sasa kwenu, akauliza, watu wanangoja nini? Nikaanza kumweleza habari za masika na vuli, jinsi wakulima wanavyotazama mawingu, na harufu ya udongo mvua ya kwanza inapopiga, na maswali yake hayakuisha mpaka tulipofika mlangoni.