Siku Moja Maishani Mwangu: Nikiitafuta 203.0.113.57 Hadi kwa Mwenyewe

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu huanza kwa kusoma yaliyoandikwa na mashine nikiwa nimelala. Seva ninazozitunza hujaza logi usiku kucha: nani alibisha hodi, kwenye poti gani (mlango wenye namba ambao seva hupokelea mawasiliano), kwa jina gani la mtumiaji, na alikataliwa sekunde ya ngapi. Wengi wa hao wanaobisha si watu, bali ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu nywila zilezile kwenye kila mlango. Tangu mwaka 2013, ilipotoka programu ya ZMap, kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti 1 kwa sekunde inaweza kuzipitia anwani zote za IPv4, yaani namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti, katika poti moja kwa muda usiozidi dakika 45, kwa hiyo kubishiwa hodi si dalili kwamba kuna mtu aliyekuwekea kisasi.

Anwani nyingi huwa zimeshafungiwa na fail2ban kabla sijafika. Kwa mipangilio yake ya kawaida, programu hiyo huifungia anwani iliyokosea mara 5 ndani ya dakika 10. Leo iliyonivuta macho ni ile ambayo haikufungiwa hata mara moja. Nitaiita 203.0.113.57, namba iliyomo katika kundi lililotengwa kwa ajili ya mifano ya maandishi tu, kwa sababu anwani halisi ina mwenyewe, na huyo mwenyewe huenda hana kosa. Ilianza saa 23:41 UTC, yaani kwa saa ya kimataifa, kwa jina la root. Baada ya dakika 4 ikajaribu admin. Dakika 4 nyingine zikapita, ikajaribu test, kisha oracle, kisha ubuntu. Aliyeitunga programu hiyo alikuwa amepiga hesabu zake vizuri: anayejaribu mara moja kila baada ya dakika 4 hafikishi makosa 5 katika dakika 10. Nilipoketi kitini, majaribio yalikuwa yamefika 80.

Niliizuia kwenye faiawoli, ukuta unaochuja mawasiliano yanayoingia, lakini nikaiacha faiawoli iendelee kuandika kila inapoikataa. Kuizuia kunanilinda mimi peke yangu. Mashine ile itaendelea kuwabishia wengine, wakiwamo wenye nywila dhaifu, mpaka mtu mwenye mamlaka juu yake aizime, na huyo mtu ndiye ninayelipwa kumtafuta.

Saa 3:00 asubuhi

Kuchambua. Si kila anwani iliyomo kwenye logi inastahili kuripotiwa, na anayeripoti zote huishia kupuuzwa kwa zote. Ninaziondoa kwanza zile za taasisi zinazokagua intaneti kwa uwazi, kama Shadowserver na Censys, ambazo hujitambulisha: ukigeuza anwani yao kuwa jina, jina linakuambia ni nani. Ninaziondoa pia zilizogonga mara moja zikaenda zake. Ninaondoa, na hapa huwa mkali hata kwa wenzangu, anwani zozote zinazoanzia 10, au 192.168, au zilizo kati ya 172.16 na 172.31, kwa sababu hizo ni za ndani ya mitandao binafsi na haziwezi kuwa zimetoka nje. Nimewahi kupokea malalamiko mazito, yenye vitisho vya mahakama, kuhusu 192.168.1.1. Mlalamikaji alikuwa anaishitaki ruta yake mwenyewe.

Katika mamia ya anwani, zilibaki 11.

Saa 4:15 asubuhi

Sasa ni kuuliza: 203.0.113.57 ni ya nani? Anwani zote hutoka IANA, taasisi inayosimamia namba za intaneti duniani, ambayo huzigawa kwa sajili 5 za kanda: AFRINIC kwa Afrika, APNIC kwa Asia na Pasifiki, ARIN kwa Marekani, Kanada na sehemu ya visiwa vya Karibi, LACNIC kwa Amerika ya Kusini na majirani zake, na RIPE NCC kwa Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati. Kila sajili ina daftari lake, nalo husomwa kwa njia mbili. Ya zamani ni WHOIS, inayopita poti namba 43 na kukurudishia maandishi matupu ambayo kila sajili huyapanga inavyopenda. Ya sasa ni RDAP, inayojibu kwa mpangilio mmoja unaosomeka na programu. Mimi hutumia RDAP kwa zile nyingi, lakini anwani inayonisumbua huisoma kwa WHOIS, mstari kwa mstari, kwa sababu maelezo muhimu kuliko yote mara nyingi huwa kwenye sehemu ya maoni ambayo watu huiruka.

Rekodi ya leo ilionesha kampuni kubwa yenye maelfu ya anwani. Mtu mvivu angeishia hapo. Nilipoteremka chini zaidi nikakuta kipande kidogo cha anwani 256 kilichokodishwa kwa kampuni nyingine, ndogo, inayokodisha seva, na kwenye maoni yao wameandika waziwazi kwamba malalamiko yatumwe kwenye sanduku lao la barua pepe la abuse, yaani la matumizi mabaya, na si kwingine. Jina hilo la sanduku si la kubuni: waraka wa kanuni za intaneti, RFC 2142 wa mwaka 1997, ndio uliolipendekeza kwa kila anayeendesha mtandao, na mpaka leo, usipopata anwani nyingine yoyote, ndilo la kujaribu kwanza.

Kabla ya kuandika niliangalia kama wengine nao wameiona. Kuiuliza orodha ya Spamhaus, ya anwani zinazojulikana kwa uovu, kunanifurahisha kila mara kwa ujanja wake: unazigeuza namba kinyumenyume, 57.113.0.203, unaziambatanisha na jina la orodha, kisha unauliza kama unayetafuta domeni ya kawaida. Ikijibu kwa anwani inayoanza na 127.0.0, imo, ikijibu kwamba jina halipo, haimo. Ya leo haikuwamo. Kwenye AbuseIPDB, ambako kila anwani hupewa alama kuanzia 0 hadi 100 kulingana na walioiripoti, ilikuwa na ripoti mbili tu, zote za usiku huohuo. Hiyo ilinipa picha: mashine ya mtu, iliyotekwa hivi karibuni.

Saa 5:30 asubuhi

Kuandika ripoti ndiyo sehemu ninayoipenda na ndiyo iliyowahi kuniaibisha.

Miaka ya mwanzo niliripoti anwani moja ya mtandao wa majumbani kwa kampuni ambayo sitaitaja, nikaandika tarehe na saa kama nilivyoziona kwenye skrini, bila kusema ni saa za wapi. Seva yangu wakati huo iliandika saa za mahali, zilizo mbele ya UTC. Wao wakasoma namba zile kama UTC. Anwani ile ilikuwa ya kuazima, inayohama kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, na kwa saa waliyoitafuta ilikuwa mikononi mwa mteja mwingine kabisa. Huyo ndiye aliyekatiwa intaneti. Nilijua siku 3 baadaye, waliponiandikia kwa upole uliouma kuliko matusi, wakiniuliza kama nina uhakika wa saa. Nilikuwa sina.

Tangu hapo seva zangu zote zinaandika UTC na kusawazishwa kwa NTP, njia ya mashine kulinganisha saa zao kupitia mtandao, na siandiki saa bila herufi hizo tatu pembeni yake. Sisi tunaosema saa 9 usiku pale mashine inapoandika 03:00 tumezoea kugeuza saa kichwani tangu utotoni, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza. Ukigeuza mara moja zaidi ya inavyotakiwa unamkamata jirani.

Ripoti ya leo ilikuwa fupi. Kichwa cha barua kilibeba anwani yenyewe na neno moja la kosa, ili anayepokea barua 500 kwa siku aipange bila kuifungua. Chini yake sentensi 2: anwani hii ya kwenu imejaribu nywila kwenye seva yetu kupitia poti namba 22, mara moja kila dakika 4, tangu 23:41 UTC, tunadhani mashine ya mteja wenu imetekwa, tunaomba muikague. Kisha mistari 6 ya logi kama ilivyo, ikiwa na poti ya upande wao kwa kila jaribio. Sikuweka picha ya skrini, kwa kuwa hakuna anayeweza kunakili namba kutoka kwenye picha. Sikuweka pia neno mdukuzi popote. Anayesoma barua hiyo si adui yangu. Ni mfanyakazi mwenye foleni ndefu, na ninachomwomba ni dakika zake 5.

Zile 10 nyingine zilipata ripoti zinazojazwa na programu niliyoitunga, nikazisoma moja moja kabla ya kuzituma.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Yalifika majibu 7 ya mashine yenye namba za tiketi, na barua 2 zilirudi kwa sababu sanduku la mpokeaji limejaa. Hizo 2 nilizipeleka kwa kampuni inayowauzia muunganisho.

Saa 8:00 mchana

Mchana ni wa barua za ulaghai. Mwenzangu wa idara ya hesabu alipokea barua inayojifanya ya benki, ikimtaka athibitishe nywila yake. Nilimwomba asinitumie kwa kuisambaza kawaida, maana hapo vichwa vya barua hupotea, bali aihifadhi kama faili na kuiambatanisha. Vichwa hivyo husomwa kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva inayoipokea barua huongeza mstari wake juu ya iliyotangulia. Tatizo ni kwamba mistari ya chini mtumaji anaweza kuibuni, na huyu aliibuni: aliongeza seva 2 zisizokuwapo ili ionekane barua ilipita benki. Mstari ninaouamini ni ule ulioandikwa na seva yetu wenyewe ilipoipokea, nao ulitaja anwani moja tu, ya tovuti ndogo ya biashara iliyodukuliwa.

Niliripoti mambo mawili tofauti kwa watu wawili tofauti: anwani iliyotuma barua kwa wenye mtandao wake, na kiungo cha ulaghai kwa kampuni inayohifadhi ukurasa ule. Ripoti ya pili ilirudi papo hapo, ikiwa imekataliwa na kichujio chao kwa kosa la kuwa na kiungo cha ulaghai. Hutokea mara nyingi mno kiasi kwamba ninapaswa kuwa nimejifunza. Nikakivunja kiungo, nikaweka hxxp badala ya http mwanzoni na mabano kuzunguka nukta ili kisifunguke, nikatuma tena, ikapita.

Saa 9:40 alasiri

Mkuu wangu alipita akauliza swali analouliza kila wiki: huyo wa usiku ni wa nchi gani? Nilimweleza tena kwamba nchi iliyo kwenye rekodi ni ya aliyeandikishwa kuwa na anwani, si ya aliyeketi mbele ya kibodi, na kwamba mashine iliyotekwa inaweza kuamriwa kutoka kokote. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta za watu kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani takriban 60 tu. Wenye kamera hizo waliishi nchi nyingi, na hakuna hata mmoja wao aliyeshambulia mtu.

Akataka pia niripoti maelfu ya anwani zilizotumwagia maombi ya kufungua muunganisho wiki iliyopita. Nilikataa. Jaribio la nywila linahitaji pande mbili zijibizane, kwa hiyo anwani yake ni ya kweli. Pakiti ya kwanza ya muunganisho, yaani kifurushi cha kwanza cha data, haihitaji jibu, na mtumaji anaweza kuandika juu yake anwani yoyote anayotaka, pale ambapo mtandao wake hautekelezi ukaguzi wa anwani za watumaji uliopendekezwa tangu mwaka 2000 katika waraka wa BCP 38. Kuripoti orodha ile kungekuwa kurudia kosa langu la zamani mara elfu kadhaa.

Saa 10:20 jioni

Kampuni moja ya simu ilijibu kuhusu mojawapo ya zile 11, ikiomba poti ya mtumaji na sekunde kamili, kwa sababu anwani hiyo hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Nilipoangalia, programu yangu ilikuwa imeiacha poti nje ya ripoti, ingawa kwenye logi ipo. Nikawatumia, nikaomba radhi, nikarekebisha programu. Ndivyo jioni ilivyokwenda kwa karibu saa nzima.

Saa 11:05 jioni

Ile kampuni ndogo yenye anwani 256 ilijibu, na aliyejibu alikuwa mtu. Aliandika kwamba seva ni ya mteja wao aliyeweka akaunti ya majaribio yenye jina test na nywila test, akaisahau. Kwamba wameitenga na mtandao. Na kwamba anashukuru kwa mistari 6 ya logi kwa sababu poti zililingana na kumbukumbu zao sekunde kwa sekunde.

Nilifungua logi ya faiawoli kuhakiki. Mstari wa mwisho wa 203.0.113.57 ulikuwa wa 13:53:20 UTC. Nikasubiri dakika 4, kisha nyingine 4, hakuna kitu. Nikaiandika saa hiyo kwenye tiketi, nikaifunga.