Waya mweusi wa Leipzig

Niliondoka Lindi mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho, na kwenye begi moja nilikuwa na kilo tano za korosho za kubangua ambazo mama alizifunga kwenye mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine akaniambia hizi ni za mkweo usizile njiani. Begi la pili nguo, tesa yangu ya kupimia umeme, na cheti changu cha VETA cha ufundi umeme. Nimefanya umeme miaka tisa, Lindi mpaka Nachingwea huko, na nilijua naenda kuishi Ujerumani na mke wangu, huko kwao, lakini kichwani nilikuwa naenda kama fundi, sio kama mume wa mtu.

Wenzangu kijiweni walinisindikiza na neno moja tu, safari hii umeolewa wewe. Kiswahili chetu ndo kilivyo, mwanaume anaoa mwanamke anaolewa, na anayehama nyumbani kwao ni yule anayeolewa, sasa mimi ndo nilikuwa nahama. Lile neno lilinikaa kifuani mpaka tunavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, nikawa naangalia mto chini najiuliza nitakuwa nani huko niendako. Mke wangu alishatangulia miezi saba kabla maana mimi nilitakiwa kwanza nifaulu mtihani wa Kijerumani wa A1, ngazi ya mwanzo kabisa, nikausomea Dar pale Goethe-Institut Upanga, jioni darasani mchana napiga vibarua Mbagala. Kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Bila hiyo karatasi mwenzi wa ndoa kutoka kwetu viza ni ngumu kupata.

Dar kwenda Addis, Addis kwenda Frankfurt, halafu treni kama masaa matatu na nusu hivi. Stesheni ya Leipzig, mji anaoishi mke wangu, imefunguliwa 1915, ni kubwa yaani sijawahi kuona paa la namna ile, na reli za juu zinaishia pale pale, treni ikiingia haipiti inatokea upande ule ule ilioingilia. Mke wangu alikuwa amesimama mwisho wa reli na koti la ziada mkononi. Nikalivaa, tukasimama tu pale bila kuongea.

Kitu cha kwanza alichofanya tukifika nyumbani hata kabla ya chai, akachukua kipande cha karatasi akaandika jina langu akakibandika kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Kule bila jina mlangoni barua haikufikii, na kila kitu kinakuja kwa barua, bima, benki, kibali cha kuishi, kila kitu. Ndani ya wiki mbili tukaenda kuniandikisha manispaa kwamba naishi pale. Mimi kwetu tunaelekeza mtu kwa mwembe na duka la Mangi, kule mimi nilianza kuwepo siku jina langu lilipokaa pale mlangoni.

Jumapili tukaenda kwa mama mkwe. Hapa lazima nieleze vizuri. Mimi nimekua naona baba yangu mbele ya mama mkwe wake hakai mkao wa ovyo, anasalimia kwa kuinama, jina lake hata halitamki. Sasa huyu mama anafungua mlango, ana miaka sabini na moja, ananipa mkono ananiambia niite kwa jina langu la kwanza. Nilishindwa. Sio kwamba sikuelewa, nilielewa, kwao kukupa jina ndo heshima yenyewe, lakini mdomo ulikataa. Nikasema shikamoo. Akamuuliza bintiye nimesema nini, akaelezwa, akafundishwa na jibu, akakaa akalirudia taratibu, ma-ra-ha-ba. Tangu siku hiyo mimi siingii nyumba ile bila shikamoo na yeye hakosi kuitikia. Korosho alizimimina kwenye bakuli la kioo akala moja moja kama anahesabu.

Lakini siku za kazi zilikuwa nzito. Desemba jua linazama saa kumi jioni, mke wangu bado yuko kazini, mimi niko peke yangu, saa nne usiku ikifika ni kimya maana ndo sheria ya kupumzika majirani. Barua zinakuja kwa jina langu na siwezi kuzisoma, nasubiri mke arudi anisomee. Daktari anaongea na mke wangu kuhusu mgongo wangu. Benki wanamwangalia yeye. Alikuwa anafanya kwa upendo na kila nikimwangalia naona amechoka, na mimi nilikuwa naumia kwa namna ambayo sikuweza kumwambia, maana nimezoea kuitwa, fundi njoo nyumba haina umeme, na ninapoingia mimi watu wanasogea pembeni nifanye kazi yangu.

Kozi ya serikali ilikuwa vipindi 700, 600 vya lugha na 100 vya historia na sheria za nchi. Darasani tulikuwa Wasyria, Waukraine, Waafghani, mama mmoja wa Kivietinamu, na mimi. Watu wanalalamika kuhusu der, die, das, vile vineno vinavyotangulia majina ya vitu, mimi nilikuwa nawaza ngeli ni tatu tu mbona sisi tunazo kibao, ila zetu unazisikia mwanzoni mwa neno, kiti viti, mti miti, zao hazijaandikwa usoni kabisa. Taa ni mwanamke, swichi ni mwanaume, kebo sio huyu wala yule. Niliyashika kwa kutembea nyumba nzima nikigusa kila kifaa cha umeme na kukitaja.

Mwezi wa tatu mama mkwe akanunua taa mpya ya jikoni akaniomba nimfungie. Hapo kwa mara ya kwanza tangu nifike mtu aliniita kwa ajili ya mikono yangu. Nyumba yake ni ya enzi za Ujerumani Mashariki. Nikazima fyuzi, nikapanda ngazi, nikafungua dari, nikakuta nyaya mbili tu, mweusi na wa kijivu, za aluminiamu, ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, hakuna.

Nyaya nilizozizoea mimi miaka yote, mwekundu ni wa moto, mweusi ni nyutro, ule wa kurudisha umeme. Mkono unajua wenyewe, mweusi unaushika bila kufikiria. Nikateremka nikamwomba mama awashe fyuzi kidogo asogee, nikapanda na tesa. Kijivu, kimya. Mweusi, tesa ikawaka. Nilibaki juu ya ngazi sijui muda gani. Kule mweusi ndo wa moto, na ule wa kijivu unafanya kazi mbili, nyutro na ethi kwa pamoja, ukikatika sehemu basi bati la taa lenyewe linaweza kuwa na moto. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba kwenye nyumba zao za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya 60 katikati, mwekundu ndo ulikuwa ethi. Mwekundu! Kitu ambacho kwetu mtoto anafundishwa asikiguse.

Nikazima tena, nikashuka, nikamwambia mama kwa Kijerumani changu kile kile, taa hii ina bati, hapa hapana ethi, mimi siifungi, aitwe fundi wa hapa aliyesajiliwa. Mke wangu hakuwepo kutafsiri. Niliogopa ataona siwezi kazi. Yeye akaniuliza maswali, nikamchorea kwenye bahasha, waya huu, waya ule, akaikunja ile bahasha akaiweka kwenye droo.

Fundi alikuja wiki iliyofuata, mzee mwenye gari lake dogo la kazi, mama akamwonyesha mchoro akasema huu kauchora mkwe wangu. Mzee akauangalia, akaniita juu ya ngazi, tukaongea nusu saa, mimi maneno nayatafuta yeye ananisubiri. Hakunipa kazi siku ile. Aliniambia maliza kozi, pata B1, ngazi ya Kijerumani ya kati, cheti chako kipeleke kikalinganishwe, halafu uje.

Cheti kilirudi na jibu kwamba kinalingana kwa sehemu, kuna mambo nayakosa nijazie kazini. Leseni yangu ya Tanzania nayo ilitumika miezi sita tu, baada ya hapo nikafanya mitihani yote miwili upya, nadharia na barabara, na hela iliyoondoka sitaki kuikumbuka. Kipindi hicho chote mama mkwe alinichukua kwenye bustani yake, moja ya zile bustani ndogo za chama ambazo Leipzig zimejaa, sheria inataka theluthi moja hivi ya eneo ipandwe chakula. Nikapanda mchicha na maboga. Mchicha majirani walidhani ni magugu mpaka mama alipowapelekea umepikwa na karanga.

B1 nilifaulu mwezi wa pili mwaka uliofuata. Jumatatu moja saa moja kasoro asubuhi nikawa nimesimama nje kwenye baridi nasubiri lile gari dogo. Kazi ya kwanza ilikuwa ghorofa ya tatu, nyumba kama ya mama mkwe, nyaya zile zile. Mzee akafungua boksi la ukutani, akarudi nyuma hatua moja, akanipisha.

Nikatoa tesa yangu niliyotoka nayo Lindi.