Kokeini ya Kuvuta na Ukweli Unaofichwa Mlangoni pa Chumba cha Dharura

Watu wengi wa Kisumu huamini kwamba unga, yaani heroini na kokeini, ni tatizo la Mombasa na Malindi, na kwamba huku kwetu ziwani adui ni chang'aa na bangi peke yake. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura, na ninakubali kwamba wengi wa wanaoletwa kwetu usiku wa Jumamosi wameletwa na pombe. Hata hivyo, barabara kuu itokayo pwani hupita Nairobi na Nakuru, hugawanyika Mau Summit, tawi moja likielekea Eldoret na Malaba na jingine Kericho, Kisumu na Busia, na bidhaa yoyote yenye mnunuzi hushushwa njiani. Tangu Desemba 2004, polisi waliponasa takriban tani moja ya kokeini katika misako ya Malindi na Nairobi, hakuna Mkenya anayeweza kusema kwamba dawa hiyo ni habari za ng'ambo. Ninaandika kuhusu ile inayovutwa, vijiwe, yaani vipande vidogo vigumu, vinavyoitwa kreki, kwa sababu familia zinazomleta mgonjwa wa aina hii hutuficha jambo tunalolihitaji kuliko yote, na kimya hicho kinaweza kumgharimu maisha akiwa tayari yuko kitandani mwetu.

Kokeini hutokana na majani ya koka, mmea unaolimwa Kolombia, Peru na Bolivia. Ikiwa katika hali ya unga hunuswa puani, kwa kuwa ikichomwa kwa moto huharibika kabla ya kutoa mvuke wa kutosha. Ikigeuzwa kuwa vijiwe, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 98 hivi, na mvuke wake huvutwa moja kwa moja hadi mapafuni. Damu itokayo mapafuni huingia moyoni na kusukumwa ubongoni bila kupitia kwenye ini kwanza, kwa hiyo mvutaji huhisi nguvu ya dawa ndani ya sekunde 10 hivi. Huko ubongoni kokeini huziba njia ambayo seli za neva hutumia kuirudisha dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha, ndani, nayo dopamini hujaa na kuleta raha kali inayodumu dakika 5 hadi 10. Raha hiyo ikikatika, mtu hubaki na huzuni, wasiwasi na tamaa ya kuvuta tena papo hapo. Anayenusa unga hupanda polepole na kushuka polepole, ilhali mvutaji anaweza kurudia mara nyingi katika usiku mmoja, mpaka pesa za kodi, simu na mtungi wa gesi viishe.

Moyo ndio unaolipa kwanza. Kokeini huufanya uende mbio na kuhitaji damu zaidi, na wakati huohuo huibana mishipa inayouletea damu hiyo, huifanya damu kuganda kwa urahisi na huvuruga umeme unaoongoza mapigo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 nchini Marekani ulionyesha kwamba katika saa ya kwanza baada ya kutumia kokeini, hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka mara 24. Umri hausaidii sana hapo, wala kutokuwa na historia ya ugonjwa. Kijana wa miaka 25 anayecheza mpira kila wikendi anaweza kuletwa akiwa ameshika kifua, jasho likimtiririka, na mama yake akaniambia, "Sista, huyu ni vidonda vya tumbo, vimemsumbua tangu akiwa shule." Mama huyo hasemi uongo, kwa kuwa mara nyingi hajui. Anayejua ni ndugu au rafiki aliyesimama nyuma, ambaye hunyamaza kwa kuogopa polisi na aibu ya ukoo.

Kimya hicho kina madhara ya kitabibu. Mgonjwa ambaye maumivu yake ya kifua yameletwa na kokeini huanzishiwa dawa za kumtuliza, mfano diazepamu, pamoja na aspirini na dawa za kupanua mishipa. Zipo dawa za kupunguza mapigo ya moyo ambazo madaktari huwapa wagonjwa wengine wa moyo, lakini kwa huyu huepukwa katika saa za mwanzo, kwa sababu zinaweza kuiacha mishipa ikabanwa zaidi. Tofauti hiyo haionekani kwa kumtazama mgonjwa usoni, na majibu ya maabara, pale ambapo kipimo kipo, huweza kuchelewa.

Kwetu kuna mambo mawili yanayouongezea moyo mzigo. La kwanza ni pombe: ini likikutana na kokeini na pombe kwa pamoja hutengeneza kemikali ya tatu, kokaethilini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na huudhuru moyo. Anayeteremshia kwa chang'aa akidhani anajituliza anajiongezea sumu. La pili ni joto. Kokeini hupandisha joto la mwili na kumnyima mtu hisia ya kwamba anaungua ndani, na utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 1998 uligundua kwamba vifo vya kuzidiwa na kokeini viliongezeka kwa asilimia 33 katika siku ambazo joto lilifika nyuzi 31 au zaidi. Aliyewahi kukaa Kisumu mchana wa Februari, chini ya paa la mabati lisilo na dari, anajua kwamba joto la namna hiyo kwetu si jambo la ajabu.

Mapafu nayo huumia. Mvuke wa moto, pamoja na tabia ya kuzuia pumzi ili dawa ikolee, huweza kupasua vifuko vya hewa, na wapo wanaopata homa, kikohozi cha damu na kushindwa kupumua ndani ya saa 48. Kuvuta kwa kikundi katika chumba kilichofungwa madirisha ni njia rahisi ya kuambukizana kifua kikuu, na vipaipu vya kuazimana, vikiwa vimekatakata midomo, vinaweza kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya C. Katika kaunti zetu, ambako watu wengi wanaishi na virusi vya Ukimwi, kuna jambo jingine la kuhuzunisha: mtu anayevuta usiku kucha huisahau dozi yake ya ARV, na virusi vilivyokuwa vimelala huamka.

Wafugaji wa Njoro na Molo wanaifahamu levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe inayouzwa agroveti. Wasichokijua wengi ni kwamba wauzaji wa kokeini huichanganya humo. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliripoti kwamba zaidi ya theluthi mbili ya kokeini iliyonaswa ikiingia nchini humo ilikuwa na levamisoli. Kwa baadhi ya watu dawa hiyo huangamiza seli nyeupe za damu, na mgonjwa hupata homa kali, koo lenye vidonda na kinywa kilichochubuka. Huku kanda ya ziwa, homa kali huitwa malaria kabla ya kupimwa. Kijana hununuliwa dawa ya malaria dukani, hulazwa nyumbani, na maambukizi huenea mwilini bila kizuizi.

Kuhusu akili, mvutaji anaweza kuamini kwamba anafuatwa, akachungulia dirishani saa nzima, au akajikuna hadi kutoka damu kwa kuhisi wadudu wakitembea chini ya ngozi. Familia nyingi husema amerogwa au ana mapepo. Mimi ni mtu wa kanisa na siwakatazi watu kuomba, ila ninasihi maombi hayo yafanywe huku mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali, bila kufungwa kamba, kwa sababu kupambana na kamba humpandisha joto na mapigo ya moyo. Kwa mjamzito, dawa hii inaweza kulibandua kondo la nyuma kabla ya wakati, na hilo huweza kumuua mama na mtoto kwa pamoja.

Matibabu yapo, ingawa hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa uraibu wa kokeini. Methadoni ni ya waraibu wa heroini, na naloksoni, inayomzindua aliyezidiwa na heroini, haiizuii kokeini. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa muda mrefu, hasa ule unaomtuza mtu kila anapopimwa na kukutwa hajatumia. Fimbo na minyororo havimtibu mtu, na kituo kinachovitumia hakistahili ada ya mzazi yeyote.

Wanaoogopa polisi wajue kwamba Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa. Mgonjwa akizidiwa, mpelekeni kwenye kivuli, mlegezeni nguo, mpangusheni maji ya kawaida, na akipoteza fahamu mlazeni kwa ubavu. Msimpe maziwa, kwa kuwa yanaweza kumwingia mapafuni. Mkifika kwetu, tuambieni alitumia saa ngapi, alivuta au alinusa, na kama alikunywa pombe.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, siku chache za kwanza atalala sana, atakula sana, na huenda akazungumzia kujiua. Mtu mmoja wa familia alale chumba kimoja naye, dawa za shambani zifungiwe mbali, na simu ipigwe 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ili mshauri aanze kazi kabla tamaa haijarudi.