Mkono Kichwani mwa Mnyama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Walawi 1, sura ambayo wengi huipita haraka kwa sababu ya damu iliyomo. Tusimame kwenye mstari wa 4. Aliyeleta ng'ombe wa sadaka aliagizwa aweke mkono wake kichwani mwake, ndipo achinjwe mbele za Bwana. Hakuambiwa amtume mnyama naye abaki hemani. Alilisikia joto la kiumbe aliyekuwa akifa kwa ajili yake.

Sisi tunaomeza dawa zilizojaribiwa kwanza kwa wanyama hatuweki mkono popote.

Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho ili wapate kisukari, kisha wakawadunga dawa iliyokamuliwa kutoka kongosho za mbwa wengine. Sukari ikashuka. Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa akififia kwa kisukari alidungwa dawa hiyo, akapata nafuu. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa ule alikuwa wa kuhesabiwa siku tu. Baadaye, kwa miaka mingi, dawa hiyo, iitwayo insulini, ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyoidhinishwa mwaka 1955, ilitegemea figo za nyani. Wengi wetu tunatembea kwa miguu miwili kwa sababu hiyo.

Siwezi kuita jambo hilo dhambi. Baada ya madaktari wa Wanazi kuwafanyia wafungwa majaribio ya kutisha, mahakama ya Nuremberg ilieleza mwaka 1947 kwamba jaribio kwa binadamu litanguliwe na majaribio kwa wanyama. Mnyama aliwekwa mbele yetu ili hatari imfikie yeye kwanza. (Wala sisemi maabara ni madhabahu. Sadaka yetu ni Kristo, naye alitolewa mara moja tu.)

Lakini wako ndugu wanaoishika Mwanzo 1:28 na kufunga mjadala: tumepewa kutawala, basi. Wasome na Mithali 12:10, kwamba mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Wasome mwisho wa kitabu cha Yona, pale Mungu anapotaja watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi, kisha anaongeza wanyama wengi waliokuwamo. Mungu aliwahesabia huruma nao. Mtawala asiyejua kilio cha anaowatawala tunamwitaje?

Tangu mwaka 1944 kuna jaribio lililotungwa Marekani, ambalo sungura hutiwa kemikali jichoni, kisha jicho huangaliwa kwa siku kadhaa kuona kama lina wekundu, uvimbe au vidonda. Limetumika hata kwa vipodozi. Hapo sioni cha kujadili. Wanja na rangi ya mdomo havifai kununuliwa kwa jicho la kiumbe wa Mungu, na Umoja wa Ulaya ulifanya vema kukataza, mwaka 2013, kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Kwa dawa, swali ni gumu zaidi. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walimtaka mtafiti ajiulize: Je, naweza kupata jibu bila mnyama? Nikishindwa, naweza kutumia wachache zaidi? Na hao wachache, naweza kuwapunguzia maumivu? Hawakuyaandika kama maombi, ila mimi nimeyaomba. Milango nayo inafunguka. Tangu mwaka 1982 kuna insulini inayotengenezwa na bakteria, na mwishoni mwa 2022 sheria ya Marekani iliacha kulazimisha kila dawa mpya ipitie kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa watu. Bado seli zilizooteshwa kwenye chupa haziwezi kutuambia kila kitu kuhusu mwili mzima, wala mimba iliyo tumboni. Kwa hiyo panya wataendelea kufa kwa ajili yetu kwa muda.

Basi tunapopokea dawa tushukuru tukijua. Na tuwaombee wahudumu wa maabara. Hao ndio wanaowalisha wanyama kila asubuhi, wanaomfahamu yule mwoga na yule mchangamfu, na siku ya mwisho ya jaribio ndio wanaoshika sindano. Wengine wao ni waumini wenzetu, na huzuni hiyo huibeba hadi ibadani bila kuwa na mtu wa kumwambia. Wiki hii, ukimjua mmoja wao, muulize habari za kazi yake, kisha umsikilize hadi amalize.