Siku yangu ya 11 katikati ya Atlantiki, na hatujaja kupunga upepo

Kila nikiwaambia watu wa nyumbani nafanya kazi kwenye yoti za mashindano naulizwa habari za matajiri na shampeni. Wacha niwaelezee siku moja tu, ya 11 tangu tutoke Cape Town kwenda Rio de Janeiro, mashindano yaliyoanza mwaka 1971. Chombo chetu ni futi 45, tuko watu saba, na njia nzima ni zaidi ya maili 3,000 za bahari. Mimi ndio mtu wa omo, yaani mbele kabisa ya chombo, na ndio fundi wa matanga, kushona nilifundishwa na babu yangu Lamu kwenye matanga ya mashua yaliyokuwa ya marekani, kile kitambaa cha pamba, alafu ndio nikaja nayo huku.

Saa sita usiku natikiswa mguu. Kitanda si cha mtu, mimi nikitoka mwenzangu wa zamu ile nyingine anaingia palepale, godoro liko na joto langu na chumvi yetu sote wawili. Navaa nguo za mvua na laifujaketi, nafunga kamba ya usalama kabla kichwa hakijatoka nje, maana usiku chombo kinakwenda noti tisa, yaani maili tisa za bahari kwa saa, mtu akianguka kumpata ni kazi ngumu sana. Zamu ni masaa manne. Upepo unatoka kusini mashariki, ndugu yake kusi kabisa, uko mgongoni na spinaka, lile tanga jepesi linalojaa kama puto, imejaa mbele. Wengi huuliza mbona hatunyooshi moja kwa moja mpaka Brazil, ni kwamba katikati ya Atlantiki ya kusini kuna eneo kubwa la hewa tulivu, ukilikata unaweza kukaa siku nzima tanga linaning'inia, kwa hivyo tunapanda kaskazini tunalizunguka huku upepo ukitusukuma. Mpaka saa kumi hakukutokea kitu, alhamdulillahi, nikalala.

Saa kumi na mbili na nusu nasikia wote juu, wote juu.

Spinaka ilikuwa imejisokota kwenye waya wa mbele unaoshikilia mlingoti. Ukiiangalia ni kama mtu aliyekazwa mshipi kiunoni, juu puto, chini puto, katikati kamba ngumu ya nailoni. Wimbi lilikibingirisha chombo, tanga likakosa upepo kidogo tu, likazunguka. Simlaumu aliyekuwa kwenye usukani, siku ya 11 macho yanaona mpaka vitu ambavyo havipo. Skipa, nahodha wetu, akageuza tanga kubwa upande wa pili ili upepo unaotoka humo uizungushe spinaka kinyume, na kweli mizunguko miwili ikafunguka, ule wa tatu wa juu ukakataa. Kulishusha tanga haiwezekani, kuliacha haiwezekani, kila likipigwa na upepo mlingoti mzima unatetemeka unasikia mpaka kwenye meno. Kwa hivyo mtu apande, na mtu ni mimi kwa sababu ndio mwepesi.

Chini chombo kikiyumba mita moja huko juu unaruka mita nne tano, watu wawili wanakuvuta kwa winchi na wewe umekumbatia mlingoti kwa mikono na mapaja, ukiuachia unapeperushwa alafu unarudi kuugonga kwa mbavu. Nilikaa huko zaidi ya saa nzima. Navuta kitambaa konzi moja, nangoja chombo kiyumbe, navuta konzi nyingine, na pale kilipofunguka ndipo nikasikia mlio ambao fundi wa tanga hataki kuusikia, kraaaa, kimeshika kwenye ncha ya chuma kimechanika urefu wa kitanda. Nilishuka mapaja yameiva damu na sikuongea na mtu.

Tukaweka tanga dogo, kasi ikashuka mpaka noti sita na nusu. Hesabu mwenyewe, kila saa maili mbili na nusu zinaenda kwa wenzetu. Na zamu yangu ilikuwa ishaanza saa mbili, nikaendelea nayo mpaka saa sita mchana, nikala wali wa pakiti unaomwagiwa maji moto, alafu badala ya kulala nikaingia ndani na spinaka.

Hapa ndio nataka mtu aelewe. Gundi ya utepe wa kutengenezea tanga haishiki kwenye chumvi, na kila kitu kwenye chombo hiki kina chumvi. Lazima uoshe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, na maji hayo tunayatengeneza wenyewe kwa mashine, yanapimwa. Skipa akanipa nusu lita kutoka maji ya kunywa na kila mtu aliona, hakuna aliyesema kitu. Unaosha, unapangusa, unapitisha spiriti, unakausha, unabandika utepe pande zote mbili, alafu unashona juu yake kwa mkono. Madirisha yamefungwa mawimbi yasiingie, joto la kukata pumzi, chombo kinabingirika, sindano inaingia kwenye kidole. Mzee mmoja wa Durban aliyetakiwa awe amelala alikaa mbele yangu masaa matatu kanikazia kitambaa kwa mikono miwili. Babu alikuwa akiniambia, mjukuu wangu usivute uzi mpaka kitambaa kikakunja uso. Nilikuwa namsikia kila mshono.

Saa kumi zamu yangu tena, wenzangu wakanishikia mpaka nikamaliza, sijui ilikuwa saa kumi na moja ama zaidi. Tukalipandisha tanga kama saa moja jua bado liko, maana saa hatubadilishi na tunakwenda linakozama, kwa hivyo kila siku linachelewa kidogo. Likafunguka kwa kishindo. Ule mstari mweupe wa utepe ukanyooka, haukukunja.

Skipa akaniambia fundi nenda kalale, zamu imebaki nusu saa tu. Sikwenda. Nilikaa omo nimekaza macho kwenye mshono mpaka saa mbili kamili, shingo imekakamaa, noti tisa na nusu.