Bronzeville, katika nyayo za Mwalimu Margaret Burroughs

Treni ya Hiawatha kutoka Milwaukee hadi Chicago huchukua kama saa moja na nusu. Asubuhi ile ya Oktoba 2023 ilikuwa imejaa watu wa kazini, wengi wao wamesinzia. Mimi usingizi haukunijia. Nilikuwa na daftari lenye anwani za upande wa kusini wa jiji, zote zikimhusu mwanamke mmoja niliyekutana na picha zake kwenye kitabu cha maktaba: Margaret Burroughs, mchapaji wa lino, mwalimu, mwanzilishi wa kituo cha sanaa na wa makumbusho. Alizaliwa Louisiana mwaka 1915, akaletwa Chicago akiwa mtoto, na huko ndiko alikofia mwaka 2010.

Kilichonivuta kwake ni kazi. Kabla ya kuhamia Marekani nilifundisha shule ya msingi Tanga, na vifaa vya sanaa hatukuwa navyo. Tulikuwa tukikata soli za ndala zilizochakaa kwa wembe, tunazipaka rangi ya unga iliyokorogwa kwenye uji wa muhogo, tunachapa samaki na majahazi juu ya magazeti ya zamani. Watoto waliona ni mchezo, na wazazi wengine pia waliona hivyo. Nilipogundua kwamba kuna mtu aliyeishi maisha yake yote kwa ufundi wa aina hiyo hiyo, akafundisha nao na kujenga taasisi, nikasema lazima nikaone mahali alipokanyaga.

Kwa asiyeijua lino: ni ule mkeka mgumu wa kutandika sakafuni. Unachora juu yake, kisha unachonga kwa patasi ndogo ya mkono. Unachokitoa kitabaki cheupe, unachokiacha ndicho kitakachoshika wino. Picha hutoka kinyume, kwa hiyo ukichonga maandishi lazima uyageuze. Mashine si lazima. Unapitisha rola yenye wino, unalaza karatasi, unasugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao, halafu unaibandua taratibu kuanzia pembeni. Kipande kimoja kinatoa nakala nyingi, na kwa sababu ni nyingi, bei inashuka hadi mtu wa kawaida anaweza kuweka picha halisi ya msanii sebuleni kwake. Hapo ndipo penye siri ya ufundi huu.

Kutoka stesheni ya Union nilitembea hadi kituo cha Clinton, nikapanda treni ya juu ya njia ya kijani, nikashuka kituo cha 35th-Bronzeville-IIT, katika eneo la Bronzeville. Ukielekea mashariki mitaa michache unafika Michigan Avenue, na hii si Michigan Avenue ya maduka ya kifahari ya katikati ya jiji. Hapa kuna majumba ya mawe ya karne ya 19, makubwa, mengine yametunzwa na mengine yamezibwa madirisha kwa mbao, na katikati yake viwanja vya nyasi ambako nyumba zilibomolewa. Weusi waliokimbia mateso ya majimbo ya kusini walibanwa kwenye ukanda huu, kwa kuwa mikataba ya nyumba iliwakataza kununua sehemu nyingine za jiji. Katika kubanwa huko wakajenga magazeti, makanisa, kumbi za muziki, na hiki kituo nilichokuwa nakitafuta.

South Side Community Art Center iko namba 3831. Ni nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1893 kwa ajili ya mfanyabiashara wa nafaka. Wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Roosevelt ilikuwa inalipa mishahara ya wasanii na walimu wa vituo vya sanaa kote nchini, lakini jengo lilipaswa kupatikana na wenyeji wenyewe. Basi wenyeji wakachanga. Kampeni waliiita Maili ya Daimu, daimu ikiwa sarafu ya senti kumi, na Margaret, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa miongoni mwa waliosimama kwenye kona za mitaa na mikebe wakiomba sarafu hizo. Milango ikafunguliwa mwishoni mwa 1940, na Mei 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akaja kukizindua rasmi.

Ukumbi wa chini umefunikwa kwa mbao kuanzia juu hadi chini, na mbao hizo ndizo zilizonishika muda mrefu kuliko kitu chochote safari nzima. Zimejaa matundu ya misumari. Nilisogea hadi pua ikakaribia kugusa: matundu madogo, makubwa, mengine yamezibwa, mengine yamepasua uzi wa mbao. Ni ya maonyesho ya zaidi ya miaka 80. Mchoraji Charles White alitundika hapa, na mwenzake Archibald Motley. Mpiga picha Gordon Parks alikuwa na chumba chake cha kusafishia picha kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Gwendolyn Brooks alikaa humu kujifunza ushairi kabla hajawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Mama aliyekuwa mapokezi aliniona nimeinama ukutani akaja kusimama nami. Nikamuuliza kama hawajafikiria kubadilisha mbao. Akatikisa kichwa, akaniambia kwa upole kwamba wageni wengi huja kutazama mbao hizo hizo.

Vituo vya namna hii vilikuwa zaidi ya mia moja nchini Marekani enzi zile. Fedha ya serikali ilipokatika wakati wa vita, karibu vyote vilikufa. Hiki kimedumu kwa kuwa kilikuwa na wenyewe, watu waliotoa senti zao, na nadhani yeyote anayetaka kuanzisha kituo cha sanaa kwetu angeanza kwa kulitafakari hilo kabla ya kuandika barua ya kuomba ufadhili.

Ukivuka barabara, namba 3806, ndiyo nyumba ya Margaret. Jumba la mawe ya kijivu, zamani lilikuwa klabu na malazi ya weusi waliofanya kazi kwenye reli. Mwaka 1961 yeye na mumewe Charles Burroughs, pamoja na wenzao, walifungua makumbusho ya historia ya weusi katika vyumba vyao vya chini. Watoto wa shule walikuwa wakiletwa sebuleni kwa mtu. Nilisimama kwenye ngazi za mbele nikajaribu kuwaza: mwalimu anatoka kazini, anafika nyumbani, na nyumbani nako kuna darasa linamngoja.

Darasa lake la mchana lilikuwa DuSable High School, ambako alifundisha sanaa kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia 1946. Nilikwenda kwa treni hadi kituo cha 51st, lakini shule niliiona nikiwa nje ya uzio tu, jengo pana la matofali Wabash Avenue. Nat King Cole na Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, walisoma hapo. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1952, wakati walimu wenye siasa za mrengo wa kushoto kama zake walikuwa wakitazamwa kwa jicho la shaka, alichukua likizo akaenda Mexico, kwenye karakana ya Taller de Gráfica Popular. Wachapaji wa pale walichonga lino kwa ajili ya mabango ya vyama vya wafanyakazi na vipeperushi vya kampeni za kusoma na kuandika. Msanii Elizabeth Catlett, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa ametangulia kufika huko. Nakala za lino za Margaret za miaka ya baadaye zina mkono wa Mexico: nyuso kubwa, nusu nyeusi tii na nusu mistari myembamba iliyofuata mfupa wa shavu.

Wengi wanaomtaja humwita mwanzilishi wa makumbusho, wakaishia hapo. Sikubaliani nao. Taasisi zilimla muda, hilo ni kweli, lakini mantiki ya taasisi hizo ilitoka kwenye lino: kitu kilicho bora kifike mikononi mwa wengi, kwa bei ya wengi. Hata baada ya kuacha shule aliendelea kwenda magerezani kufundisha wafungwa sanaa na uandishi.

Kabla ya kuondoka Bronzeville nilirudi nyuma kidogo hadi namba 3947 Michigan, kwenye kituo cha vijana, kwa ajili ya picha ya ukutani iliyochorwa na Mitchell Caton na Calvin Jones mwaka 1979 na kukarabatiwa 1993. Imejaa rangi na ruwaza za vitambaa vya Afrika, na ni kubwa kiasi kwamba lazima uvuke barabara uione yote. Vijana walikuwa wakicheza mpira wa kikapu karibu nayo bila kuiangalia, kwa kuwa wameizoea. Picha za ukutani za namna hii zina mzazi mmoja, Wall of Respect, ukuta uliochorwa mwaka 1967 kwenye makutano ya 43rd na Langley na kundi la wasanii akiwemo William Walker. Ukuta huo ulibomolewa miaka michache baadaye, lakini miji mingi ya Marekani ilikuwa imeshauiga.

Makumbusho ya DuSable, yale yale yaliyoanzia nyumbani kwa Margaret na ambayo tangu 1973 yako ndani ya bustani ya Washington Park, nilifika mchana. Humo kuna kitu ambacho sikukitegemea: picha ya ukutani ya kuchongwa kwenye mbao, "Freedom Now" ya Robert Witt Ames, historia ya weusi kuanzia Afrika hadi maandamano ya miaka ya 1960. Nilipiga hatua kushoto na kulia nikitazama jinsi mwanga unavyoingia kwenye mifereji ya patasi. Mtu aliyewahi kushika kipande cha lino anaielewa kazi ile kwa vidole kabla ya kuielewa kwa macho.

Kutoka pale nilitembea mtaa wa 56 kuelekea ziwani, hadi chini ya daraja la reli la Stony Island. Walker alichora hapo mwaka 1977 "Childhood Is Without Prejudice", kwa heshima ya shule ya jirani: nyuso za watoto wa rangi mbalimbali zimepandana hata mtoto mmoja na mwenzake wanagawana jicho. Upande mwingine kuna kazi ya Olivia Gude ya mwaka 1992. Yeye alisimama mahali hapo hapo akauliza wapita njia wanatoka wapi na wanakwenda wapi, kisha akawachora pamoja na majibu yao. Nilisoma majibu hayo moja baada ya jingine huku treni zikinguruma juu ya kichwa. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye reli yanazisumbua picha za madaraja kama haya, na inaniuma kwamba fedha za kuchora hupatikana upesi kuliko fedha za kutunza.

Jioni, nikisubiri treni ya kurudi, nilimpigia mwalimu mwenzangu wa Tanga. Kule kulikuwa usiku wa manane, lakini yeye halali mapema wakati wa kusahihisha mitihani. Nikamweleza habari ya ule ukuta wa shule unaotazama barabara, mrefu, mweupe, hauna kitu. Watoto wachonge michoro kwanza kwenye ndala, tuchague, tuikuze.

"Dada, rangi atalipa nani?"

Nikamwambia habari ya Maili ya Daimu. Akanyamaza kidogo akipiga hesabu ya wazazi.

"Sawa, wakitoa mia mbili mbili tunafika mahali. Lakini rangi ya mafuta usiniletee. Chumvi ya bahari itaibandua kabla ya masika ya pili. Tutafute ile ya nje, na kwanza tupige plasta upya ule upande wa choo."

Nikaandika plasta juu kabisa ya orodha.